Kiwingu Kinachotazamwa Kama Mkwe

Mke wangu Mama Eliza,

Nakusalimu toka Mbeya, ambako baridi inaingia hata ndani ya uji.

Jumapili jioni Kaka Petro alitoa uani ile darubini yake ndogo, akatuonyesha kiwingu kilicho karibu na zile nyota tatu zilizojipanga. Wote walikiona isipokuwa mimi. Niliona giza tu. Kaka akacheka: “Macho yamekwisha, fundi! Randa zako nitampa kijana anayeona.” Mbele ya wageni! Mimi niliyejifundisha useremala bila yeye kunishika mkono. Iliniuma, tena niliogopa, maana bila macho tutakula nini?

Jana shemeji, mke wa Kaka, akaniambia nijaribu tena. “Shemeji, unakikodolea macho kama unapima ubao! Kwetu Unyakyusa mkwe hatazamwi usoni. Mimi natazama kando, na koti la baba mkwe nalijua hadi vifungo.”

Nikatazama kando kidogo. Kikatokea, Mama Eliza, cheupe na laini kama pumzi juu ya kioo. Katikati yake nyota zimebanana; nikahesabu nne. Kaka miaka yote ameona moja. Akainama kwenye darubini, kisha akasema, “Kweli, ni nne.”

Nakuja Jumamosi na ndizi za shemeji. Mfunike Eliza vizuri. Na randa zangu usimpe mtu, hata akisema katumwa na Kaka. Zipake mafuta zisishike kutu, kazi bado ipo.

Mumeo akupendaye,
Baba Eliza