Chungu cha Dar, Chungu cha Masasi

Masasi, Jumatatu, mwezi wa saba. Juu ukungu, huku chini jua.

Shajara, leo usinicheke.

Nimeteremka kutoka Newala asubuhi hii, na kule juu tulikuwa hatuonani. Nilikuwa nasikia tu bomba la jirani likinguruma, anapuliza salfa kwenye mikorosho yake, lakini jirani mwenyewe sikumwona wala mikorosho sikuiona. Salfa na ukungu vikichanganyika, hujui unavuta nini. Huku Masasi jua linawaka juu ya majabali, watu wamevua masweta, nami nimekaa kwenye chumba cha intaneti na khanga yangu bado ni mbichi. Nimeikung'uta, nimeianika kwenye kiti. Haikauki.

Naogopa. Niliseme mapema ili nisije nikajitia ushujaa huko mbele.

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Lupaso aliniandikia humu kwenye shajara yangu ya mtandaoni. Ameandika hadithi, anataka kujua aipeleke kwa mchapishaji au aichapishe mwenyewe. Nilipanga kumjibu kitaalamu, kwa mbwembwe zote. Yaani mimi, ambaye kitabu changu mwenyewe kilikuwa kimekaa juu ya kabati sijui nikipeleke wapi! Haya, dada, jibu lako ni hili, ingawa halitakuwa kama nilivyopanga.

Kitabu changu nimekijenga juu ya kisa cha bibi yangu mzaa mama, Bibi Somoe wa Chilangala. Jina lake ndilo nililopewa. Kwetu ukipewa jina la mtu umepewa na mtu mwenyewe, ndiyo maana dada yake mama yangu, Mamkubwa Hadija, ananiita mama tangu niko mgongoni. Ananiamkia shikamoo, namwitikia marahaba, tunacheka. Bibi alifariki nikiwa bado shule, na utani huo ukabaki vilevile.

Kisa chenyewe kifupi. Binti anatumwa maji bondeni. Kwetu juu maji ni safari, anayeishi Kitangari ananielewa. Anateka, anapanda, ukungu unamfunika njiani. Anafika nyumbani na mtungi kichwani, anakuta mlango uko wazi, na ndani anajiona yeye mwenyewe amekaa mkekani, anakula, mama yake anaongea naye na kucheka. Binti anasimama uani na mtungi wake. Anapiga hodi.

Basi. Bibi anaishia hapo.

Tulikuwa tunamlilia, aliingia? Yule wa ndani nani? Bibi anapangusa mikono kwenye khanga na kusema, "Kilichobaki ni chake mwenyewe." Ukimkera zaidi anakutuma kuni.

Sasa mchapishaji wa Dar es Salaam amekipenda kitabu. Nilipopata simu nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, sioni aibu kusema. Zamani, ulikuwa unapeleka mswada sehemu moja na kusubiri, kama tulivyokuwa tukipeleka korosho ghala moja na kusubiri. Siku hizi soko huria, wanunuzi wamejaa, wa korosho na wa maneno. Huyu wa Dar anafika mikoa yote, anaingia mpaka kwenye maduka ya vitabu, anasema anaweza hata kukipigania kisomwe shuleni. Nani asingetaka? Nimeandika miaka na miaka, watu wakinipita wakisema Mama Zuhura yuko na makaratasi yake.

Lakini mkataba wake una masharti. Haki zote zinakuwa zake, na mhariri ana ruhusa ya kubadili anachoona kinafaa. Na mhariri ameshaona. Anataka mwisho. Kwa sauti nzuri kabisa aliniambia wanafunzi hawawezi kuachwa uani, lazima wajue yule wa ndani ni nani.

Njia ya pili ni fundi wa hapa Masasi, ana mashine yake nyuma ya stesheneri, anachapa kadi za harusi na kalenda. Yeye atachapa nilichomletea, neno kwa neno, kwa gharama yangu. Haki inabaki kwangu. Mzigo pia unabaki kwangu, nitavibeba vitabu mwenyewe kwenye kikapu kama muuza karanga, na nje ya wilaya hizi mbili hakuna atakayejua nimewahi kuzaliwa.

Kwa hiyo ningempa nani?

Nilijaribu kuandika mwisho, nikubaliane na mhariri yaishe. Nikaandika kwamba yule wa ndani ni jini. Nikampelekea binti wa stesheneri Newala akachape. Niliporudi kuchukua, kazi ilikuwa safi, ila ilikoma kwenye hodi. Binti akaapa amechapa mpaka mwisho, akafungua kompyuta anionyeshe, hakukuwa na kitu. Virusi, akasema. Nikakubali virusi, kompyuta zile zinapitiwa na kila mtu. Nikaandika mwisho mwingine, kwamba yule wa ndani ni pacha. Safari hii nilikaa pembeni yake anachapa, tukaona maneno yote kwa macho yetu. Tulipoyatoa kwenye karatasi, yakakoma kwenye hodi.

Binti wa watu akanirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaniomba nitafute mtu mwingine.

Hapo ndipo nikaenda Chilangala, kwa Mamkubwa. Shekhe wetu akisoma hapa anisamehe. Kwa wazee wangu, mtu akiwa na jambo zito anapeleka unga kwenye mti wa tambiko, karibu na makaburi ya kwao. Anasema jambo lake, anaurundika unga shinani uchongoke, anaufunika na chungu, anaondoka. Asubuhi anafunua. Ukiwa umesimama vilevile, umekubaliwa. Ukiwa umebomoka, jambo hilo achana nalo.

Jumamosi jioni nikarundika mara mbili. Chungu cha Dar kulia, chungu cha Masasi kushoto. Nikamwambia Bibi achague.

Mamkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, tukarudi pamoja mpaka uani. Ndipo aliponivaa. Mwe! Nimesoma mpaka nimepitiliza, akasema. Wazee hawawekewi bidhaa mbili wachague kama wako gulioni. Unauliza jambo moja, la ndiyo au hapana, na unaanza na lile la kwanza. Nikamuuliza la kwanza ni lipi. Akasema hilo nilijue mwenyewe, yeye hajui vitabu.

Jana asubuhi tulikwenda pamoja. Ukungu ulikuwa mzito, unadondoka kwenye majani kama mvua, miguu yetu imelowa mpaka magotini. Nikafunua chungu cha kulia. Unga umesimama. Nikafunua cha kushoto. Umesimama. Nikataka kucheka, kwamba hata Bibi kashindwa kuchagua.

Katikati ya vyungu kulikuwa na unga wa tatu.

Haukufunikwa na kitu. Umechongoka vizuri kuliko mirundo yangu yote miwili. Mimi nilikwenda na sembe nyeupe ya mashine. Ule ulikuwa wa mtama, mwekundu, una chenga, wa kutwangwa kwa mkono. Majani ya juu yake yalikuwa yanatiririka maji, chini yote tope. Niliugusa kwa kidole. Ulikuwa mkavu.

Nimejiambia yote unayoweza kuniambia. Labda jirani naye alikuwa na shida yake, akaja alfajiri kabla yetu. Labda Mamkubwa amenifanyia makusudi ili anifunze adabu. Nilimgeukia nikiwa nataka kabisa iwe ni yeye. Nikaukuta uso wake umepauka, midomo inacheza bila sauti. Tope mbele yetu lilikuwa na nyayo zangu za jioni, kwenda na kurudi, na za kwake. Nyingine sikuona.

Kisha Mamkubwa akapiga magoti palepale kwenye tope, mtu mzima yule mwenye miguu mibovu, akaniangalia mimi, siyo unga.

"Shikamoo, mama."

Maisha yangu yote salamu hiyo imenichekesha. Jana haikunichekesha. Nikasikia nasema marahaba, taratibu, kama mtu aliyezoea kuamkiwa.

Akaniuliza, "Kile kisa, mama, kimaliziwe?"

"Kiache," nikasema. "Kilichobaki ni chake mwenyewe."

Sikuwa nimefikiri. Naapa sikuwa nimefikiri. Mdomo ulifunguka, maneno yakawa yameshatoka, na mikono yangu ilikuwa inajipangusa kwenye khanga. Mamkubwa akalia kilio cha mtoto, akinishika miguu, na mimi nikawa nataka kumwinua na nasubiri kwanza alie amalize, kwa sababu nilimwonea huruma ya mama. Mamkubwa, aliyenibeba mgongoni!

Ilipita. Nikarudi kuwa mimi, tukashikana mikono mpaka nyumbani. Alinipikia uji, nikanywa, akakaa ananitazama ninavyonywa.

Basi dada wa Lupaso, hili ndilo ninalolijua leo ambalo wiki iliyopita nilikuwa silijui. Nilikuwa nauliza nani akichapishe kabla sijauliza nini kwenye kitabu hiki hakigusiki. Hilo ndilo la kwanza. Kaa chini na hadithi yako, utafute ile sehemu ambayo mtu akiitoa hadithi si yako tena. Ukishaijua, chukua mkataba, soma kila mstari, hata yale maandishi madogo ya chini, uone kama sehemu hiyo imelindwa. Kama haipo sehemu ya namna hiyo, nenda kwa mchapishaji mkubwa kwa moyo mweupe, atakufikisha mbali, na mhariri mzuri atakufunza mengi. Kama ipo na hawaitaki, omba wabadili sharti. Wakikataa, ondoka. Usiuze kama tunavyouza korosho zikiwa bado maua kwa sababu mnunuzi kafika mlangoni na ana gari.

Na ukichapa mwenyewe, mtafute mtu mwenye jicho kali akusomee kwanza, asiwe ndugu. Na jiandae kubeba.

Mimi leo asubuhi, kabla sijapanda gari, nilikwenda pale penye mtandao, nikampigia mhariri. Nilimwomba aache mwisho ulivyo. Akakataa, kwa upole. Nikamwambia basi, kitabu sikitoi. Akashangaa sana. Aliniambia nafasi kama hii hairudi, na najua ni kweli. Akaniuliza nani kanishauri.

"Mwenye kisa," nikamjibu. Akadhani natania.

Nililia njiani, nisidanganye. Nililia kwa ajili ya maduka ya vitabu ambayo sitaingia, na watoto wa shule za mbali ambao hawatabisha hodi na binti yule. Ilikuwa ndoto yangu mimi, siyo ya mtu mwingine yeyote. Nilipofika Masasi nikanawa uso bombani, nikampelekea fundi karatasi zangu.

Fundi amekubali. Hana maneno mengi. Amepitia kurasa za mwisho, amefika kwenye hodi, amegeuza karatasi kuona kama kuna kingine nyuma. Akaniuliza hii imekwisha? Nikasema imekwisha. Akaitikia kwa kichwa.

Sasa hivi amenifuata huku intaneti, kasimama mlangoni na kalamu sikioni. Anataka kupanga jalada. Ameuliza jina la mwandishi liandikweje, nikamwambia aandike Somoe.

Anasema Somoe wapo wengi. Somoe yupi?

Nimeishika khanga yangu hapa kwenye kiti, bado imetota. Anasubiri nimjibu.