Kaditama ya Hamdiya

Jumatatu, 5 Mei 2025
Shajara za mtandaoni zimeanza. Kidato cha tatu, wanafunzi thelathini na wawili, kila mmoja na ukurasa wake wa mashairi. Msomaji ni mimi tu, nimewaahidi. Mwalimu Sebastian, mkuu wa idara ya Kiswahili, amesema simu huzaa umbea, haizai ushairi. Nilimjibu kwa hoja nne. Alisikiliza moja.

Ijumaa, 16 Mei
Hamdiya, binti wa Mzee Haroub mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Goba, ameweka beti tano. Zinaanza hivi:

Nyumba ya milango sita, ufunguo si wa kwangu,
Sauti nikiipata, huzimwa na baba yangu.

Nilisoma nimesimama. Miaka mitatu ya chuo kikuu hakuna aliyeandika kitu cha namna hii darasani kwetu — hata mimi. Hasa mimi.

Jumamosi, 17 Mei
Sebastian kanikejeli tena, safari hii katika kundi la WhatsApp la walimu na wazazi. Nikabandika shairi zima la Hamdiya, jina la juu nimeliondoa. Nikaandika: "Nani ataweza kulijibu?" Kimya. Nimeshinda.

Jumapili, 18 Mei
Mpumbavu mimi. Ubeti wa mwisho! Niliwafundisha mwenyewe kwamba katika kaditama mtunzi hujitaja, ndiyo ada ya wa kale. Jina lake limo mle. Nimefuta, lakini wazazi walikwishasoma. Mzee Haroub amejibu palepale kundini, mizani ileile, vina vilevile:

Mwanangu umenisuta, wasikie walimwengu,
Masomo nimeyafuta, funguo ni mali yangu.

 

Jumanne, 20 Mei
Kiti cha Hamdiya kitupu. Binamu yake, Khulud, anasema kanyang'anywa simu na juma lijalo anapelekwa Pangani kwa shangazi, akatafutiwe mume. Kisha akaniuliza, macho chini: "Si ulisema utasoma peke yako, mwalimu?"

Nikaendelea na kipindi. Sikumbuki nilifundisha nini.

Alhamisi, 22 Mei
Nilikwenda dukani. Shikamoo. Marahaba, kaa kitako — akanisogezea ndoo ya rangi niikalie. Hakupandisha sauti.

"Nyie wasomi mnapenda hoja. Mie nataka beti. Umenivua nguo mbele za watu, utanivisha mbele za watu. Andika kundini kwamba shairi lile ulilitunga wewe, ukalipachika jina la mwanangu. Nikisoma Jumamosi kabla ya magharibi, Jumatatu yuko darasani."

Nikasema huo ni uongo.

"Basi mtoto aende Pangani na ukweli wake."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu. Nikaaga.

Jumamosi, 24 Mei
Ujumbe wa Khulud, saa sita mchana. Hamdiya kasikia sharti la baba yake. Anasema bora aende Pangani, lakini beti zake nisizichukue. Hana kingine kilicho chake.

Sijajibu. Ana miaka kumi na sita, hajui anachokikataa. Au anajua kuliko sisi sote.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimetunga beti tatu za kudai kwamba shairi ni langu. Vina vimekaa vizuri, vizuri mno. Ubeti wa pili nimeufuta na kuuandika upya mara nne — si kwa sababu ni uongo, bali ili upendeze.