Ua Moja Kabla ya Vigelegele

Jumapili. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, vichochoro vya Mji wa Kale vinateleza, nami sina haja ya kutoka. Nimekaa dirishani na chai ya tangawizi, mikono bado inanukia asumini, na moyo wangu, wallahi, haujatulia tangu jana.

Nasra ameolewa. Ni binti wa Halati Zuhura, mdogo wake mama. Harusi ilikuwa kwenye ukumbi wa ghorofa kule Tononoka: wanaume chini kwenye nikaha, wanawake juu.

Halati alikuwa na ombi moja tu. Siku alipoolewa yeye alikuwa chumbani, mlango umefungwa, akajua kuwa keshakuwa mke wa mtu alipoambiwa na jirani. Nikaha ya mwanawe alitaka kuiona kwa macho yake. Nikamwambia, hilo niachie mimi.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Kamera zote huingia kwenye mtambo mmoja wa kuchanganyia picha, nami huiandikia kompyuta amri: picha gani iende skrini gani, wakati gani, na pambo gani. Watu hudhani kuna mtu anabonyeza. Hakuna. Mistari niliyoiandika huamua yenyewe.

Amri niipendayo ni ile ya mikutano: skrini imuoneshe yule ambaye sauti yake imezidi za wenzake. Haijawahi kuniangusha, nikaiweka na kwenye harusi hii.

Basi Ijumaa, baada ya swala, tukafanya majaribio. Bi Mwanaisha, jirani yao Halati, akapewa maikrofoni ya juu aijaribu. Mtu mwingine angehesabu moja, mbili. Yeye akapiga kigelegele, mashallah, madirisha yakatetemeka. Mara kaka yangu Swaleh akaita kutoka ngazini:

"Dada! Huku chini twamuona Bi Mwanaisha mpaka jino lake la dhahabu!"

Wapanga viti wakacheka. Bi Mwanaisha naye akacheka, maana alikuwa na buibui lake. Mimi sikucheka.

Kesho yake wanawake wangekuwa wamevua mabuibui, nywele wazi, hina mpaka mabegani. Na kwetu ni harusi gani ambayo vigelegele havizidi sauti zote? Kila kigelegele kingeshusha picha zao chini mbele ya wanaume.

Halati hakunigombeza. Heri angenigombeza. "Zima tu, mwanangu," akasema. "Mimi nitaambiwa, kama nilivyoambiwa."

Nikamwomba anipe mpaka Magharibi.

Kuweka katazo peke yake kusingeniridhisha. Nilibomoa njia yenyewe, nikaandika upya ili skrini ya chini isijue kabisa kama juu kuna kamera. Kutoka kwa wanawake nikaruhusu kitu kimoja kishuke: kiwango cha sauti yao, bila sura, bila maneno. Kisha nikajiuliza, kiwango kitupu nikifanyie nini? Kando yangu wasichana walikuwa wakitunga asumini kwenye sinia. Nikazipiga picha. Sauti ndogo, lianguke ua moja kwenye skrini ya wanaume. Sauti kubwa, yaanguke maua kadiri ya sauti.

Jana Halati alikaa mbele kabisa, maikrofoni mezani mbele yake, mimi nimesimama nyuma. Kwenye skrini yetu, mumewe, Baba Nasra, akamshika bwana harusi mkono. Sijawahi kuona wanawake wa Mombasa wakanyamaza vile. Kijana akasema, "Nimekubali," na Halati akamuona akisema.

Vigelegele vikalipuka. Nikatazama kioo changu kidogo kinachonionesha skrini ya chini, nikabaki mdomo wazi. Maua meupe, maua juu ya maua! Wakivuta pumzi yanapungua, wakirudi yanafurika. Kila mstari wa amri ile niliuandika mimi, na bado sikujua kwamba furaha yao ingeonekana vile. Nililia, sioni haya kusema. Swaleh asema chini waliinua vichwa wote, wazee wakawa wanasema Subhanallah polepole.

Hesabu tu zile, jamani.

Asubuhi hii Swaleh amenipigia simu. Baba Nasra, ambaye wiki nzima aliita mitambo yangu mchezo wa watoto, ana swali. Asema kabla ya maua yale mengi aliona ua moja, peke yake, likipita juu ya picha ya mikono yao wawili, yake na ya mkwewe. Hajalala vizuri kwa ajili ya ua lile. Lilikuwa la nani?

Mimi najua. Wengine walikuwa bado hawajaanza. Halati alishikwa na kwikwi ya kilio, moja tu, ndogo, akaiziba kwa upindo wa leso. Aliyeisikia ni mimi niliyekuwa nyuma yake, na maikrofoni.

Nimemwambia Swaleh nitampigia baadaye. Ijumaa ile niliapa moyoni kwamba hakuna kitu cha wanawake kitakachoshuka chini bila ridhaa yao. Sura hazikushuka. Lakini kilio cha Halati kilishuka, mumewe akakiona, na mwenyewe hajui.

Mvua ikikatika nitakwenda kwake. Yeye ndiye atakayesema kama mumewe aambiwe.