Kahawa ya Mama Kwenye Treni ya Venisi

Dada Salma, shikamoo, na salamu kwa wote hapo mjini Ibra.

Nakuandikia nimewaka hasira. Tumo kwenye treni, tumetoka Florensi tunakwenda Venisi. Mama kafungua chupa yake ya kahawa, kamkaribisha mzee wa Kitaliana aliyekaa mbele yetu. Maskini, hajui kuwa ukitosheka unatikisa kikombe. Kila akikirudisha, Mama anamtilia tena. Vikombe tisa, Dada! Uso umemwiva, jasho linamtoka, na bado anashukuru.

Nassor, huyo kaka yetu, ndiye pekee anayejua Kitaliana, naye kashika simu anamrikodi na kucheka. Nikamfokea mbele za watu: "Huna haya! Mwambie atikise!"

Mama akanikata: "Mwache anywe. Tangu kufa baba yenu, hajatokea mtu wa kunywa kahawa yangu mpaka chupa ikaisha."

Wallahi, hasira zote zikanigeukia mwenyewe. Mimi kila asubuhi nanywa kimoja, natikisa, nakimbilia kazini.

Nakubusu wewe na watoto. Tukirudi, uje kwa Mama, na usithubutu kutikisa upesi.

Mdogo wako, Zuwena