Familia ya Tatu Kwenye Orodha

Mama weee, siamini macho yangu! Asubuhi katibu wa chama chenu cha akina mama pale parokiani kanipa niichape orodha ya familia mtakazozitembelea leo kuzipatanisha. Ya tatu ni sisi! Na aliyeomba ni Baba, yule anayejifungia bafuni mkibisha hodi kuja kusali rozari. Kaandika kwa mkono wake: "Mke wangu anapatanisha mtaa mzima, lakini mimi mwezi wa pili huu haongei nami, ananiachia vikaratasi mezani." Nikakaa chini palepale ofisini kwa katibu.

Wenzako wanafika saa kumi. Chai iko kwenye chupa, vikombe vya wageni nimeviosha. ~~Jifanye hujui kitu.~~ Hapana, usijifanye. Uenyekiti wako wa chama uache mlangoni, kaa kwenye kochi na Baba, uulizwe maswali kama wengine.

Mimi leo nalala kwa shangazi. Nilimuuliza Baba kwa nini hakuniambia mimi kwanza, akanijibu kitu hadi nikalia. Hicho siandiki, karatasi zimetosha humu ndani. Kesho utakisikia kwa mdomo wangu, kama hajakwambia mwenyewe.

Mwanao, mmbea wa nyumba hii