Kikapu Walichonitoa Mgongoni

Wamegoma. Shule nzima, kuanzia wale wadogo wa kidato cha kwanza mpaka nyinyi wa kidato cha nne, wametoka darasani wakakaa kwa nyasi, na wanasema hawarudi ndani mpaka wewe urudi. Wewe, Chepkoech, mtoto wa tumbo langu. Afisa wa elimu mwenyewe amekuja na gari mpaka kwa geti, na jina aliloambiwa hata kabla ya kushuka ni lako.

Sasa ndiyo nakusalimu. Chamgei, mama. Hujambo huko uliko? Mimi sijui ni wapi, na ndiyo maana karatasi hii sikuifunga kwa bahasha. Nimeiandika mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la tano, na rafiki yako Kemunto akanakili zingine kwa ule mwandiko wake mzuri. Moja imeenda soko la Litein, moja imebebwa Ndanai na yule mama wa ndizi, moja Soin na watu wa kanisa. Isomwe mbele ya watu, sijali. Yeyote atakayekuona akuambie mama yako amekuandikia. Na huyo anayekupa chakula, kama yuko, Mungu ambariki, lakini akuachilie uje.

Unakumbuka vile nilikufundisha kuchuna chai? Ulikuwa mdogo, majani yalikufika kifuani, na ile plastiki ya kufunga kiunoni ilikuwa inakuburuta mpaka chini kama gauni la bibi arusi. Nikakuonyesha: majani mawili na chipukizi lake, basi. Ukanivuta nguo. "Mama, na haya makubwa?"

"Hayo acha. Hayo ndiyo yanalisha mti."

"Na sisi nani anatulisha?"

"Ni mimi."

Ukaniangalia sana, halafu ukasema, "Basi wewe ni jani kubwa." Nilicheka mpaka wanawake wa mistari mingine wakauliza kuna nini. Na nikawaambia. Unanijua, mimi neno zuri la mtoto wangu siwezi kulala nalo.

Tena sijisifu bure. Kwa kituo chetu cha kuuzia majani, karani akiona kikapu changu hainami kukagua, anaenda mizani moja kwa moja. Na wewe ulinifuata. Mikono yako ilikuwa miepesi, na kichwa ndiyo usiseme. Siku matokeo ya darasa la nane yalikuja nilibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikigawia watu barabarani, mpaka wale tusiosalimiana nao. Baba yako akasema, "Wewe mama, si utaambia hata ng'ombe." Ng'ombe niliwaambia jioni nikikamua. Wakatoa maziwa vizuri sana siku hiyo.

Shule ina shamba lake la chai, hilo sikatai. Watoto wachune, wajue kazi. Lakini shamba la mwalimu mkuu liko hapo hapo ng'ambo ya ua, na polepole ua ukawa kama haupo. Kwanza ilikuwa Jumamosi. Halafu ikawa mchana, saa ya hesabu, kidato cha nne mtihani uko mlangoni na nyinyi mko kwa shamba la mtu. Siku ya wazazi ulinionyesha vidole, vyeusi kwa utomvu. "Mama, angalia. Hii si wino." Nilikwambia nenda umuulize kwa heshima. Ukaenda na wenzako mkauliza kwa heshima, na Kemunto ameniambia vile aliwajibu.

"Mambo ya vyama vingi pelekeni Nairobi. Hapa chama ni kimoja, na mwenyekiti ni mimi."

Basi mkachuna. Mkajaza vikapu haraka kuliko siku zote, mkiimba nyimbo za kanisa, na yeye akipita nyuma yenu mikono mfukoni, amefurahi. Juu mliweka majani mazuri. Chini mlijaza yale makubwa, magumu kama ngozi, na vijiti. Kwa kituo karani alipomwaga, wakulima wote wakasogea kuona. Wewe unajua vile sisi huku tunaona mtu aliyekataliwa majani. Anafunga gunia lake bila kuangalia mtu usoni. Mwalimu mkuu alifunga magunia yake yote namna hiyo, akiwa na suti yake.

Akarudi akawasimamisha kwa mstari wa bendera. Kemunto anasema alipita msichana mmoja mmoja, mpaka akafika kwako akasimama. "Hawa wengine wanaweza kusema hawajui. Wewe mama yako tunamjua. Hakuna mwanamke anayemshinda kuchuna. Kwa hivyo wewe hukukosea, wewe uliwafundisha." Ona sasa. Hata akikufukuza alinisifu, na ni sifa hiyo iliyokushika.

Akasema usirudi. Kemunto akakusindikiza na sanduku mpaka geti, akakwambia, "Enda tu nyumbani, mama yako atasema nini?" Na wewe ukamjibu, "Nyumbani nitaingia na nini? Mama ameshaambia kanisa yote mimi ni daktari."

Chepkoech, neno hilo haliniachi. Nikimeza chakula linarudi. Kumbe mimi nikijigamba barabarani, wewe ulikuwa unabeba hiyo daktari mgongoni kila siku, na siku umeangushwa ukaona heri upotee kuliko kuniletea mikono mitupu. Nani alikwambia nilipenda daktari? Nilipenda wewe. Daktari ilikuwa njia yangu ya kusema.

Tangu siku uliyofukuzwa, siku ya ile mvua ya mawe, hatujakuona. Baba yako ameenda kwa shangazi yako, hukufika. Ameenda mpaka mtoni, na aliporudi alinawa miguu tu, akakaa. Mbwa akibweka natoka nje na mwiko mkononi. Maziwa yako nimeweka kwa kile kibuyu kidogo, yakizeeka namwaga naweka mengine. Nakuuliza maneno nikiwa peke yangu jikoni, halafu nakasirika kwa sababu hujibu.

Nilienda kwa mwalimu mkuu. Nilisimama kwa mlango wa ofisi mpaka miguu ikauma, kiti kiko na hakuniambia nikae. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe mtoto wangu." Akasema hana mtoto wangu, ati ulitoroka na dereva wa lori, muda mrefu mlikuwa mnapanga, na yeye hakufukuza mtu yeyote. Aliniangalia machoni akisema hivyo. Nikamwambia basi kama hukumfukuza andika jina lake kwa mtihani, akirudi alipate. Akafikiria. Akasema, "Mama, kosa la mtoto linafutwa na mzazi. Nichunie mimi mpaka wiki iishe, halafu tuone."

Nikakubali. Ndiyo, mimi. Angesema nichune na meno ningechuna. Nilifunga plastiki, nikavaa kikapu mgongoni, nikaingia mistari yake ile inayopakana na madarasa yenu, na nilichuna vizuri, majani mawili na chipukizi, machozi yanaanguka humo humo kwa majani. Sikuinua kichwa. Nilijua madirisha yanaangalia.

Mara nikasikia miguu. Si ya mtu mmoja. Wasichana wanatoka darasani, na mwalimu wa zamu anaita, "Nani amewaruhusu? Rudini," na hakuna anayegeuka. Wamevuka ua. Kemunto alikuwa mbele, huyo mtoto wa watu waliotoka Kisii kuja kuchuna chai ya kampuni, ambaye mwalimu mkuu alikuwa anamwambia arudi kwao. Akafika kwangu, akashika mkanda wa kikapu.

"Mama, toa."

Nikamwambia, "Mwanangu, wacha nimalize, ataandika jina la Chepkoech."

"Hawezi kukuchuna wewe. Chepkoech alituambia majani makubwa hayachunwi."

Akanitoa kikapu mgongoni kama vile mtu anavyomtoa mtoto aliyelala. Mikono yangu ilibaki hewani. Kumbe uliwaambia. Kumbe usiku kwa bweni, katikati ya hesabu zenu, mlikuwa mnaongea juu ya mimi na wewe na ile plastiki. Wakakigeuza kikapu juu chini, mmoja akaniambia nikalie, na wote wakakaa kwa nyasi kunizunguka. Mwalimu mkuu alikuja akapiga kelele, akaita mmoja mmoja kwa jina. Wale wadogo walikuwa wanatetemeka, niliwaona, lakini walikaa. Hawakurusha jiwe. Hawakuvunja kioo. Walikaa tu wakasema Chepkoech arudi, na saa ya hesabu irudi.

Nilikaa pale juu ya kikapu kama chifu. Nakuambia ukweli, hata katikati ya uchungu ule nilinyoosha shingo kidogo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye shida. Afisa wa elimu aliwasikiza wasichana, akamsikiza na mwalimu mkuu. Yeye bado anasema hakufukuza, ulikimbia na mwanamume, hayo mengine ni uongo wa watoto. Afisa akasema ataita wazazi wote, na mwenye kusema alifukuzwa asimame pale mwenyewe aseme. Kemunto akisema, anaambiwa ni rafiki. Mimi nikisema, ni mama. Tena majina ya mtihani yanafungwa siku hiyo hiyo ya mkutano. Usipokuwa umesimama pale, jina lako halitakuwa kwa karatasi, na ile hadithi ya dereva ndiyo itakuwa jina lako. Na wale watoto waliokaa kwa nyasi kwa ajili yako, mwalimu mkuu ndiye atabaki nao.

Kama sare imechafuka njoo nayo hivyo hivyo. Kama umekonda, njoo. Kama kuna jambo lingine lilikupata njiani ambalo huwezi kusema, njoo nalo pia, tutalibeba wawili. Daktari tumeacha. Siku hizi sokoni nikiulizwa habari yako nasema, mtoto wangu ndiye aliyejaza majani makubwa kwa vikapu vya mwalimu mkuu. Wananiangalia. Nasema tena, kwa sauti.

Nitakuwa kwa geti mapema, na kibuyu kidogo, na baba yako atakuwa na mimi. Hatakuuliza kitu, ameniapia. Wasichana wamesema watakuachia nafasi katikati, pale Kemunto anapokaa.

Ni mimi, mama yako, jani kubwa.

Wazazi wote wanakuja, na afisa, na wenzako wote. Ni Jumatano, Chepkoech, saa tatu asubuhi. Jumatano hii.