Filamu Anazicheka, Kitabu Kimemtoa Kitandani

Kibondo, Jumapili

Mwanamume mzima, karuka na shuka mpaka mlangoni! Elia wangu jamani, nampenda mpaka naona aibu.

Tangu tuoane ananicheka kwa kuziba macho tukitazama filamu za kutisha. Yeye haogopi, maana mzimu ukitoka kaburini, yule mtafsiri anayeisimulia filamu kwa Kiswahili anaingiza utani: "Bibi hajala tangu azikwe!" Nikamwambia kitabu hakina mtafsiri wa kumchekesha. Tukawekeana dau: atakayeogopa atachota maji wiki nzima, mashemeji wakiona.

Leo mchana mvua ikinyesha, tukiwa kitandani, nikamsomea hadithi. Mtu amelala na mkewe, mara anamsikia mkewe yuleyule nje, anabisha hodi. Hapo nikanyamaza makusudi.

"Endelea basi, mke wangu."

Nikamkodolea macho bila kupepesa.

"Neema, acha mchezo. Ni wewe?"

"Kwani ulioa nani?" nikamjibu kwa sauti nzito.

Ndipo aliporuka.

Sasa ananibembeleza nimwambie mke wa kweli alikuwa yupi. Nimemwambia atajua akimaliza wiki yake ya maji. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sijathubutu kufungua ukurasa unaofuata.